PIKIPIKI YA KWANZA YA PORINI: NAMNA YA KUICHAGUA NA KUIANDAA

(Mazungumzo ya mhudumu wa jamii mbele ya vikundi vya akiba vya vijana, makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Yanachapwa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika.)



 Nimeombwa nizungumze juu ya pikipiki kwa sababu vikundi viwili vinakaribia kufungua sanduku la akiba, na vyote vimesema vinataka kununua pikipiki ya porini. Nikisema pikipiki ya porini nina maana ya ile iliyoinuka juu, yenye matairi ya meno makubwa na shokapu ndefu, iliyotengenezwa kwa njia za udongo, mawe na matope. Tunazijua, maana wahudumu wa afya na watu wa mashirika wamezitumia miaka mingi.

Wazo hilo si baya. Njia zetu za kwenda Rubondo na Juru mnazijua. Kiangazi ni vumbi, na mvua ikinyesha udongo unateleza kama sabuni. Lakini fedha iliyo sandukuni ni ya watu wengi, na imekusanywa kidogo kidogo kwa kuuza nyanya, kushona nguo na kulima mashamba ya watu. Ikipotea kwa siku moja hairudi upesi. Kwa hiyo naomba tusikilizane.

NITAANZA NA KOSA LANGU

Miaka mitatu iliyopita nilikuwa katika kikundi cha watu kumi na wawili. Tuliweka akiba miezi kumi na minne. Siku ya kununua ilipofika, wenzangu walinituma mjini kwa sababu nimemaliza sekondari na naweza kusoma kitabu cha Kiingereza. Baadaye nilielewa kwamba kusoma kitabu ni jambo moja, na kujua pikipiki ni jambo lingine.

Niliona pikipiki ya porini ya cc 250, nyekundu, inang'aa. Mimi ni mtu wa kimo cha mita 1 na sentimita 65. Kiti chake kilinifika karibu na mkanda wa suruali. Nilipopanda, ni vidole vya mguu mmoja tu vilivyogusa chini. Muuzaji aliniambia, "Utazoea." Nililipa, nikaipakia kwenye gari, nikarudi nayo kama shujaa.

Siku ya tisa nilikuwa nashuka njia ya kuelekea kwenye bwawa. Nilimkuta mama amebeba madumu mawili ya maji, nikasimama ili apite. Niliweka mguu upande wa bondeni, na mguu haukuikuta ardhi. Pikipiki iliniangukia. Nilivunjika mtulinga, yaani mfupa wa bega. Kishikio cha klachi kilikatika, na kifuniko cha injini kilipasuka oili ikamwagika.

Mfupa wangu ulipona kwa wiki sita. Pikipiki ililala chini ya turubai miezi mitano, kwa sababu kifuniko kile hakikupatikana Mbarara, na fundi aliyekwenda kukitafuta Kampala alirudi mikono mitupu. Wenzetu wawili walitoka kwenye kikundi. Mama mmoja mshonaji, aliyeweka akiba kuliko sisi sote, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Mwanangu, uliijaribu kabla ya kulipa?" Nilinyamaza.

Leo nataka niwaambie yale ambayo ningetaka kuyajua kabla ya kutoa fedha ile.

JAMBO LA KWANZA: KAZI NA NJIA

Kabla ya kuuliza bei, kikundi kikae kijibu maswali matatu. Pikipiki itafanya kazi gani? Itapita njia gani? Nani ataipanda?

Kama kazi ni kubeba abiria na magunia kwenye barabara kubwa kutoka Base Camp kwenda Mbarara, hamhitaji pikipiki ya porini. Zile za bodaboda kama Bajaj Boxer na TVS zitawafaa zaidi. Kiti chake ni kirefu na kiko chini, hunywa petroli kidogo, na vipuri vyake vinauzwa hata kwenye vibanda vyetu. Ukitaka ipite kwenye matope, waweza kuifunga tairi zenye meno.

Kama kazi ni kwenda vijiji vya mbali kwa njia nyembamba, mtu mmoja na mzigo mdogo, kupeleka ujumbe, dawa za mifugo au mbegu, na kuvuka mitaro na mawe, hapo pikipiki ya porini ina faida. Injini yake iko juu ya mawe. Gurudumu lake la mbele ni kubwa, mara nyingi inchi 21, kwa hiyo linapanda juu ya shimo badala ya kuingia ndani yake.

Msichague kwa macho kama nilivyofanya mimi.

JAMBO LA PILI: UKUBWA WA INJINI NA KIMO CHA KITI

Anayeanza hahitaji nguvu nyingi. Injini ya cc 100 hadi cc 200 inatosha kabisa kupanda vilima vyetu. Injini kubwa ina mambo mawili mabaya kwa mwanafunzi: ni nzito ikianguka, na ukikosea kidogo mkono wa kulia inaruka mbele kabla hujafikiri.

Kimo cha kiti ndilo jambo ambalo vijana wengi hulidharau. Fanyeni hivi: mwenye kuipanda avae viatu atakavyotumia, akae katikati ya kiti, pikipiki isimame wima bila stendi. Nyayo za mbele za miguu yote miwili ziguse ardhi pamoja. Kama ni vidole vya mguu mmoja tu, iacheni. Fundi au dereva mzoefu anaweza kuendesha pikipiki ndefu kwa sababu anajua wapi pa kusimama. Mwanafunzi husimama mahali popote pale woga unapomkamata.

Kama watakaoipanda ni watu wanne wa kikundi, pimeni kwa yule mfupi, msipime kwa yule mrefu.

JAMBO LA TATU: AINA TUNAZOZIONA

Nitataja chache tu.

Yamaha AG100 na AG200 zilitengenezwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Herufi hizo AG zinatokana na neno la kilimo. Zina keria imara mbele na nyuma, vyuma vya kukinga vishikio, na cheni iliyofunikwa isipate matope. Hazina mbio, nazo hazikutengenezwa kwa mbio. Kwa anayeanza, hizi ni walimu wazuri.

Yamaha DT125 na Honda XL125 ni za porini za kweli, nyepesi, na mashirika mengi yamezitumia Afrika. Ni nzuri, ila kiti kiko juu zaidi kuliko cha bodaboda, kwa hiyo mjipime kwanza.

Hapa kuna tofauti ambayo lazima muijue. AG100 na DT125 zina injini ya mipigo miwili, ile ambayo oili huungua pamoja na petroli. Zina tangi dogo la oili pembeni, na pampu huipeleka yenyewe kwenye injini. Tangi hilo likikauka, pistoni hushika na injini hufa njiani. AG200 na XL125 ni za mipigo minne. Hizo oili inakaa chini ya injini, mnaipima na kuibadilisha kwa wakati wake. Mkinunua ya mipigo miwili, amueni mtu mmoja wa kuangalia oili kila asubuhi, na jina lake liandikwe.

Aina ya mwisho ni ya kuogopwa: pikipiki za mashindano. Uganda ina mchezo huo wa pikipiki za kuruka vilima, na uwanja mmoja uko Garuga, kuelekea Entebbe. Zikichoka hapo huuzwa kwa bei inayovutia. Kiti chake kiko kama sentimita 95 kutoka chini. Kwa kawaida hazina taa, hazina kioo, na hazikutengenezwa kwa kupita barabarani. Injini yake huhesabiwa kwa masaa, na pistoni hubadilishwa mara kwa mara. Mchezaji mwenye fundi wake anaweza. Kikundi cha akiba hakiwezi.

Kabla ya kuamua aina yoyote, nendeni kwa fundi wa hapa hapa kambini mumuulize: "Ikivunjika kishikio, waya wa klachi, au ringi za pistoni, utavipata wapi, na kwa siku ngapi?" Kama hana jibu, pikipiki hiyo si yenu, hata iwe nzuri namna gani.

JAMBO LA NNE: KUKAGUA ILIYOTUMIKA

Wengi wetu tutanunua iliyotumika. Nendeni watu watatu: mwenye kuipanda, fundi, na mtunza fedha. Nendeni mchana. Mwambieni muuzaji asiiwashe kabla hamjafika, kwa sababu injini ya moto huficha ugonjwa. Wekeni mkono karibu na injini. Ikiwa na joto, ulizeni kwa nini.

Kagueni haya:

1. Moshi. Ya mipigo minne ikitoa moshi wa bluu usiokwisha, inakula oili. Ya mipigo miwili hutoa moshi kidogo ikiwa baridi, lakini moshi mzito usiopungua ni dalili mbaya.

2. Sproketi na cheni. Meno ya sproketi yakiwa yamepinda kama ndoana, yamekwisha. Vuteni cheni kwa nyuma ya sproketi kubwa. Ikiinuka hata mnaona nusu ya jino, cheni imekwisha. Hivi viwili hubadilishwa pamoja.

3. Magurudumu. Inueni gurudumu juu, mlishike juu na chini, mlitikise. Likicheza, beringi zimechoka. Gongeni kila spoki kwa spana ndogo. Iliyolegea hutoa sauti nzito, tofauti na zile zilizokaza.

4. Shokapu za mbele. Pitisheni kitambaa cheupe kwenye chuma kinachong'aa. Kikitoka na oili, sili zinavuja, na oili hiyo inaweza kufika kwenye breki.

5. Fremu. Tazameni chini ya tangi na mahali usukani unapoungana na fremu. Rangi mpya sehemu moja tu inaweza kuwa imefunika ufa uliochomelewa.

6. Namba. Namba ya fremu na ya injini zilingane na zile za kwenye kadi. Zikiwa zimekwaruzwa au hazilingani, ondokeni. Msijadili bei. Pikipiki ya wizi inaweza kumfikisha mkimbizi mahabusu, na fedha ikabaki kwa mwizi.

Mwisho, mwenye kuipanda aikalie. Apime miguu. Aisukume hatua ishirini bila kuiwasha, aigeuze, aisimamishe. Asipoweza kuisukuma ikiwa imezimwa, hataiweza ikiwa imewaka.

JAMBO LA TANO: KARATASI

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa nafasi ya kutembea na kufanya kazi. Haikutuondolea sheria za barabarani. Pikipiki iwe na kadi na namba, iwe na bima, na dereva awe na kibali cha daraja A. Anayejifunza aanze na kibali cha mwanafunzi. Helmeti ni lazima kwa sheria. Kadi iandikishwe upya kwa jina lililokubaliwa na kikundi, na makubaliano yaandikwe mbele ya kiongozi wa kijiji. Msomaji aliye katika nchi nyingine aulize kwanza taratibu za kambi yake, maana hazifanani.

JAMBO LA SITA: KUIANDAA KWA MWILI WAKO

Hapa ndipo wengi huruka. Wananunua, wanapanda, wanaondoka. Lakini pikipiki iliyotumika imewekwa kwa mwili wa mtu mwingine. Tengeni nusu siku, spana, na fundi mmoja mvumilivu.

Usukani. Simama juu ya vikanyagio, magoti yamekunjwa kidogo. Mikono ifike kwenye usukani ikiwa imekunjwa kidogo bila kuinama sana. Kama sivyo, legezeni boliti za usukani, muuzungushe, mkaze tena sawasawa pande zote.

Vishikio vya klachi na breki. Viwekwe chini kidogo, ili ukisimama mkono na kiganja viwe mstari mmoja. Sasa sikilizeni vizuri. Nati za kushikilia vishikio zikazwe kiasi cha kutosogea zenyewe, lakini ukikisukuma kishikio kwa nguvu kizunguke kwenye usukani. Pikipiki ikianguka, kishikio kitazunguka badala ya kukatika. Changu kilikuwa kimekazwa kama nati ya gurudumu, ndiyo maana kilikatika.

Klachi iwe na nafasi ndogo ya kucheza mwanzoni, milimita 10 hadi 15 kwenye ncha ya kishikio, kama upana wa kidole. Isipokuwa na nafasi hiyo, itateleza na kuungua.

Breki ya nyuma. Kikanyagio kiwe chini kidogo tu ya usawa wa unyayo wako. Kikiwa juu sana utafunga breki bila kujua. Kikiwa chini sana utachelewa.

Gia. Kikanyagio kipandishwe hadi buti lako liingie chini yake bila kuinua mguu wote.

Kishikio cha mafuta. Ukikiachia, kirudi chenyewe upesi. Kisha washa injini, geuza usukani kulia hadi mwisho, na kushoto hadi mwisho. Mlio wa injini usibadilike. Ukipanda, waya umebanwa, na siku moja pikipiki itakimbia wakati unakata kona.

Shokapu za nyuma. Ukikaa, nyuma ishuke kama theluthi moja ya safari yake yote. Mfano, gurudumu likiwa na safari ya sentimita 20, ishuke 6 au 7. Isiposhuka karibu kabisa, springi ni ngumu kwako, na itakurusha kwenye mashimo. Pikipiki nyingi zina ringi ya kuzungusha ili kulegeza au kukaza. Pia kiti chaweza kupunguzwa godoro lake na fundi wa viti. Lakini msikubali mtu akate springi ili kuishusha. Pikipiki ya namna hiyo haishiki njia.

Tairi. Pimeni hewa asubuhi, tairi zikiwa baridi. Kwenye barabara na mzigo, fuateni kitabu. Kwenye matope, bila mzigo, mwaweza kupunguza kidogo ili tairi ishike, lakini msiende chini ya paundi 15. Tairi yenye tyubu ikilegea sana huzunguka kwenye rimu, na vali inakatika. Mkirudi barabarani, jazeni tena.

Cheni. Iwe na mlegeo ambao kitabu kinasema. Nyingi za porini ni milimita 35 hadi 50, kwa sababu shokapu zake zina safari ndefu. Pimeni pia mtu akiwa amekaa. Cheni iliyokazwa sana huharibu beringi na hukatika.

Sproketi ndogo. Kwa anayejifunza kwenye vilima, kuna njia rahisi ya kuipoza pikipiki. Tuseme sproketi ya mbele ina meno 14 na ya nyuma 42. Gawanya, unapata 3. Ukiweka ya mbele yenye meno 13, unapata 3.23. Maana yake pikipiki inapanda polepole kwa nguvu zaidi, na mbio zake zinapungua kidogo. Mwanafunzi hatahitaji kuiungulisha klachi kila kilima.

Kichujio cha hewa. Vumbi letu la Juni na Julai huua injini kuliko ajali. Kichujio cha sponji kioshwe kwa maji ya sabuni, kikauke kivulini, kipakwe oili kidogo, kikamuliwe. Kiangazi fanyeni hivyo kila wiki. Msikioshe kwa petroli, inaoza gundi yake na inaweza kuwaka moto.

JAMBO LA SABA: SIKU ZA KWANZA

Sisi tuliotoka Kivu tumeona chukudu za mbao zikishuka mlima na magunia ya viazi. Hazina injini. Lakini mwenye chukudu hujua breki yake kabla ya kujua mbio, maana anaikanyaga kwa mguu mwenyewe kwenye gurudumu la nyuma. Nasi tuanze hivyo.

Siku ya kwanza, msiwashe injini. Sukumeni uwanjani, mjifunze kusimamisha kwa breki zote mbili. Siku ya pili, washeni, mwachie klachi polepole hadi pikipiki itake kusogea, kisha mbonyeze tena. Fanyeni mara hamsini. Siku ya tatu, gia ya kwanza, mwendo wa mtu anayetembea, na kusimama mahali mlipopanga. Kisha mizunguko kama namba nane. Halafu kusimama juu ya vikanyagio na kutazama mbali, si kwenye gurudumu. Kilima kiwe cha mwisho.

Breki ya mbele ndiyo yenye nguvu, lakini kwenye udongo uliolegea ibanwe taratibu kwa vidole viwili. Ukiikamata ghafla, gurudumu linateleza nawe unaanguka.

Unaposimama njiani, chagua mahali. Tazama kwanza upande ambao mguu utatua. Kama mteremko uko kushoto, weka mguu wa kulia. Jambo hilo dogo lingeniokoa mtulinga.

Msibebe abiria hadi mpate kibali kamili. Mama mjamzito au mgonjwa msimpakie kwa mwanafunzi, hata kama mnamhurumia. Iteni gari au dereva mzoefu.

Helmeti, glavu, suruali ndefu na buti zinazofunika vifundo vya miguu ni sehemu ya pikipiki. Kandambili si viatu vya kazi hii.

JAMBO LA NANE: FEDHA

Msitumie akiba yote kununua. Sisi tulitumia hadi shilingi ya mwisho, kwa hiyo pikipiki ilipovunjika hatukuwa na kitu. Gawanyeni akiba katika mafungu matatu. Mawili yanunue pikipiki. La tatu ligawanywe tena kwa kadi, bima, kibali, helmeti, tairi, cheni, oili na dharura. Tuseme mna milioni tatu. Tafuteni pikipiki ya milioni mbili. Kama hakuna nzuri ya bei hiyo, subirini. Miezi mitatu ya kungoja ni nafuu kuliko miezi mitano ya kutazama turubai, na ninayesema hivyo ndiye niliyeitazama.

Wekeni pia daftari. Kila anayeipanda aandike siku, mahali alipokwenda, petroli, na jambo lolote lisilo la kawaida. Ugomvi mwingi wa vikundi huanza kwa sababu hakuna aliyeandika.

KUMALIZIA

Ndugu zangu, mtauliza ile pikipiki nyekundu iliishia wapi. Tuliiuza kwa hasara, kwa kijana mrefu mwenye uzoefu, na tulimwambia ukweli wote juu ya kifuniko kilichochomelewa. Fedha iliyorudi tuliongeza akiba ya miezi minane, tukanunua AG100 iliyotumika. Haiwi nyekundu na haing'ai. Safari hii tulikwenda watatu, na yule mama mshonaji alikuwa mmoja wetu, akiwa mtunza fedha. Nilipotaka kutoa fedha mfukoni alinizuia kwa mkono. Aliniambia nikae juu yake kwanza, akainama, akatazama nyayo zangu zote mbili. Zilipogusa chini ndipo alipofungua kitambaa chake.

Pikipiki hiyo iko nje sasa. Tumeizima, iko wima. Kila mmoja wenu atakayetaka aje aikalie, tumpime miguu, na fundi wetu atawaonyesha namna ya kuweka vishikio. Maswali tutayajibu hapo hapo.